Kikapu Kitupu

Nitaandika kama nilivyoyaona, na nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Miaka ile ya hamsini, tulipokuwa tukikaa Msambweni, nilikuwa mnene na nilikuwa naumwa. Maumivu yalianzia nyongani baada ya uzazi wa mwisho, yakashuka magotini, yasiondoke tena. Siku nyingine yalikuwa madogo, siku nyingine makubwa, lakini hayakukosa siku. Unene wenyewe sikuuona kuwa ni ila. Kwetu mke mnene ni sifa ya mumewe, na mume wangu, nisimdhulumu, alistahiki sifa hiyo.

Kilichonikata maini ni swala. Nilikuwa nikiswali nimekaa ukingoni mwa kitanda, nainamisha kichwa kidogo tu. Mgonjwa ana ruhusa, hilo nilifundishwa chuoni tulikosoma Kurani. Lakini kila nikitoa salamu najiuliza: huu ni ugonjwa kweli, au ni uvivu na kupenda kula? Nilitaka paji la uso wangu lifike tena mkekani, basi.

Daktari aliniambia maumivu yale hayana dawa ya kuyamaliza, ila nikipunguza uzito magoti yatapata nafuu. Nitembee asubuhi, polepole, nikichoka nikae, na kesho nitembee tena.

"Nitembee niende wapi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Popote, mama. Utembee tu."

Simlaumu, hakujua alichonitaka. Mwanamke mtu mzima hatoki nyumbani akaenda popote. Huenda kisimani, shambani, matangani, kumtazama mgonjwa. Akionekana njiani mikono mitupu, watu watamwuliza, na akikosa jibu watajijibu wenyewe. Nikafikiri sana, nikaona nichukue kikapu. Mwenye kikapu ana shughuli zake.

Nikatoka baada ya alfajiri. Goti la kulia likawa linalia kama mlango. Nilipofika kwa jirani yangu muuza vitumbua, alikuwa ameshabandika chuma chake motoni.

"Shoga, leo umeamka na safari!"

"Napita tu."

"Upite mlangoni kwangu na kikapu kitupu? Watu watasema mimi ni mtu gani?"

Akanitilia vitumbua vya moto ndani ya jani la mgomba. Nilikataa, lakini nilikataa kwa adabu, na kwetu kukataa hivyo ni kama kupokea. Nyumba ya mbele wakatia muhogo. Nyumba ya pili yake, nazi. Nilirudi nimeinama upande mmoja, na kutwa nikashinda na kitambaa cha maji moto nyongani. Vitumbua nilivila. Vyote kuwapa watoto sikuweza.

Kesho yake nikabadili njia, nikapita kwa wanawake wanaosuka makuti. Wao wakanitilia samaki. Siku zikaenda hivyo, leso yangu haikulegea kiunoni hata nafasi ya kidole, na maumivu yakazidi. Sikujua kinachoniumiza ni kutembea au ni kikapu. Nilihofu daktari amekosea, kisha nikahofu nimekosea mimi, maana ndivyo inavyokuwa mara nyingi.

Ndipo wifi yangu akashuka na basi kutoka Gazi. Hata buibui hakuvua.

"Wifi, hujambo? Watoto hawajambo? Na njaa haijambo?"

"Njaa gani tena?"

"Njaa ya nyumba hii! Kule kwetu wanasema kaka yangu hakulishi, wazunguka kila asubuhi na kikapu, nyumba kwa nyumba. Na mwili wote huo, wifi! Si ungekonda kwanza, watu wakaamini?"

Mume wangu alikuwa barazani, akasikia yote. Yeye ndiye angetazamwa msikitini. Nikaona niache kutembea, niswali kitandani mpaka siku yangu. Lakini kunyamaza ndiko kulikotufikisha pale. Basi nikawaeleza: daktari, kikapu, hata habari ya kusujudu, ambayo mume wangu nilimficha nikichelea ataniona dhaifu wa imani.

"Kwa hiyo wataka kukonda?" wifi akasema. "Wenzio wanakwenda kwa waganga kutafuta huo unene!"

Mume wangu aliinuka akaja karibu. Kisha akasema, "Kesho kikapu kikae msumarini. Wakikuuliza, sema mume wangu ndiye aliyeniambia nitembee."

"Na wakisema hunilishi?"

"Waje saa ya chakula waone."

Hakusema kwa furaha. Aliumia, niliona. Lakini alisema.

Asubuhi nikatoka bila kikapu. Mikono sikujua niiweke wapi, nikashika pindo la leso.

"Kikapu kimeibwa?" muuza vitumbua akauliza.

"Naumwa, shoga. Daktari kasema nipungue, na bwana ndiye aliyeniambia nitembee."

Akanitazama juu mpaka chini. "Upungue sana?"

"Kidogo."

"Haya, pita. Lakini nikiona mifupa nitakuja kwa bwanako mwenyewe." Alikuwa ameshaninyooshea kitumbua. Akakirudisha.

Nikaendelea. Siku nyingine nilifika mbali, siku nyingine niliishia uani nikarudi. Maumivu hayakuniacha, nisiandike uongo, ila nilianza kuyazoea njiani. Wifi alipokuja tena, alasiri moja kabla ya adhana, nilitandika mkeka nijaribu. Sikutaka kujaribia ndani ya swala nikaiharibu. Nikashika kitanda, nikashusha goti, nikashusha la pili, nikaweka viganja, kisha paji la uso. Mkeka ulinuka ukindu na vumbi. Nikakaa pale pale kwa muda. Ningependa kusema ni kwa unyenyekevu, lakini niliogopa kuinuka.

"Wifi," nikaita.

Alikuwa uani anapeta mchele. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimesujudu."

"Alhamdulillahi. Basi inuka."

"Ndiyo maana nakuita."

Akaja mbio, akanishika makwapani, akavuta, akapumzika, akavuta tena.

"Hujapungua kitu, wewe," akasema, akihema.

Adhana ikatoka. Alasiri ile niliswali ukingoni mwa kitanda kama kawaida, na kwenye paji la uso wangu alama za mkeka zilikuwa hazijafutika.