Neva Zote ni za Kawaida

Shangazi yangu alipiga chapa ripoti za picha za MRI hospitalini kwa miaka ishirini na mbili, katika chumba kisicho na dirisha, meza yake imebanwa kati ya kabati la mafaili na feni yenye kelele nyingi na upepo kiduchu. Daktari wa picha alitazama kioo cha kompyuta akasema, yeye akaandika. Hivyo hivyo, kwa kusikia na kuchungulia, akajua kusoma picha za vichwa, hata wauguzi wakambandika jina la Profesa. Daktari hakupendezwa. "Wewe andika, usisome," alimwambia.

Fomu ilikuwa na sentensi iliyowekwa tayari: Neva zote za kichwa ni za kawaida. Penye kasoro, daktari aliagiza ifutwe. Akinyamaza, ilibaki. Mtu mvivu angetaka nini tena?

Ndipo ikaja picha ya baba yangu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akisikia mluzi katika sikio la kushoto. Siku hiyo daktari alikuwa na simu begani na haraka zake. Akapitisha picha chapuchapu. "Ubongo safi. Lete nyingine."

Shangazi aliona doa jeupe, dogo kama punje ya mtama, pale neva ya kusikia inapoingia kwenye mfupa. Kushoto.

"Daktari, hapo kushoto..."

"Umeanza tena, Profesa?"

Wauguzi mlangoni wakaangua kicheko. Shangazi akapiga chapa ripoti, sentensi ikabaki. Na nyumbani pia hakusema kitu. Hicho ndicho ninachoshindwa kumsamehe.

Miaka mitatu baadaye doa lile lilikuwa uvimbe mkubwa kama ndimu. Walipoutoa, neva ya uso iliyopita ubavuni mwake ikaenda nao. Baba alirudi wodini nusu ya uso imepooza, sikio limekufa kabisa, chai inamchuruzika kidevuni. Mpasuaji alitwambia wazi: ungeonekana mapema, uso ungepona. Daktari wa picha alikwishastaafu, kaagwa kwa zawadi ya saa ya ukutani.

Shangazi alikuja na ripoti ile ya zamani mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mdogo wangu, niliona. Siku ile ile niliona."

Baba alimtazama kwa jicho linalofumba na lile lisilofumba. Hakumtukana. Aligeuka polepole akalalia sikio zima, lile lililokufa akamwachia dada yake aliombe radhi.