Tairi la Tano

Wenzangu mliokulia Songea kabla lami ya kwenda Mbinga haijafika, mtakumbuka kwamba mtoto alipimwa kwa kitu anachokiendesha barabarani. Wa chini kabisa aliendesha mfuniko wa sufuria, na jioni alichapwa. Aliyemzidi alikuwa na ringi ya baiskeli na kijiti. Juu yao wote alikuwa mwenye tairi la gari, analisukuma kwa viganja, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Huyo akipita mtaani kwetu Mjimwema tulisimamisha mchezo wa rede tukamwangalia. Leo mwanangu ana simu yenye magari mia, na bado ananiambia hana cha kuchezea.

Baba alikuwa seremala, karakana yake Majengo. Mwaka nilioanza darasa la kwanza alinunua pikapu mpya, ya bluu, akaifuata mwenyewe Dar es Salaam. Muuzaji alimwambia, "Haya matairi ya kiwandani, mzee, kwa barabara za kwenu yatakwenda miaka mitatu. Ukijitahidi sana, minne." Baba hakumjibu. Alitumia siku tatu kurudi Songea, na kuanzia hapo maisha ya nyumba yetu yote yakawa ndiyo jibu.

Tulikuwa watoto watano: kaka Fidelis, dada Yustina, pacha Kulwa na Doto, na mimi Skola, kitinda mimba. Pikapu haijamaliza wiki tukaanza kugombea nani atarithi matairi yakiisha. Kulwa akamng'ata Doto bega. Baba akachukua rangi nyeupe ya milango, akaingia chini ya gari, akaandika jina la kila mtu kwa upande wa ndani wa tairi lake.

"Likiisha ni lako," alisema. "Kabla halijaisha ni la gari. Sitaki kusikia tena habari hii."

Matairi ya kutembelea yalikuwa manne. Langu lilikuwa la tano, la spea, lililofungwa kwa mnyororo chini ya bodi, kule nyuma. Kusoma jina langu ilibidi nilale chali mchangani. Nilifurahi kwa muda wa siku mbili hivi. Siku ya tatu akili ikanijia: tairi linaisha kwa kugusa ardhi, na langu lilikuwa haligusi kitu.

Basi ikaanza ile kazi ya kuyatunza. Baba aliendesha taratibu kiasi kwamba akimwamkia mzee njiani, yule mzee aliitikia marahaba, akauliza habari za mama, za watoto na za mahindi, akajibiwa zote, na pikapu ilikuwa bado haijampita. Breki hakuigusa. Alisema breki inakula tairi, kwa hiyo akikaribia nyumbani aliondoa mguu kwenye mafuta tangu kwa jirani wa nne, gari likaja kusimama lenyewe mlangoni, au likasimama kwa jirani wa pili, nasi tukaenda kusukuma. Kwenye mlima abiria walishuka. Bibi alishuka. Padri alipopewa lifti siku moja alishuka pia, na kanzu yake. Jua likiwaka, matairi yalifunikwa magunia, na sisi tulikuwa hatuna hata kofia. Mama alikuwa akisema, "Baba yenu ameoa matairi. Mimi nimekuja kuwasaidia kufagia."

Kila jioni, kabla ya ugali, wenzangu walichuchumaa kila mtu kwenye tairi lake, wakatoa kokoto zilizonasa kwenye kashata, yale meno ya tairi, kwa patasi kuukuu. Fidelis alihesabu zake kwa sauti. Kulwa na Doto walishindana. Mimi nilipewa patasi kama wao, kwa haki, ila sikuwa na kokoto. Nilikuwa naingia chini ya gari, napangusa vumbi jina langu kwa kiganja, natoka. Vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya huja navyo, langu lilikuwa navyo vyote. Kwa ya wenzangu vilishaisha mwezi wa kwanza.

Mnasema watoto hawana mawazo. Mimi nilikonda kwa ajili ya tairi.

Nilipofika darasa la nne uvumilivu ukaniishia. Baba alikuwa anapeleka kitanda cha harusi Mbinga, masika yamekolea. Asubuhi wakati anakunywa chai na magimbi, nilichukua msumari kwenye kopo lake, nikausimamisha kwenye udongo mbele ya tairi la nyuma la Doto. Nilichagua la Doto kwa sababu wiki ile alikuwa amenimalizia matunda yangu ya masuku. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: pancha itatokea, spea itafungwa, langu litaanza kuliwa. Shuleni nilikaa siku nzima nikiliona tairi langu likipanda milima ya Umatengo.

Baba hakurudi siku ile. Alirudi kesho yake alasiri, tope mpaka magotini, macho mekundu. Nilikuwa chini ya gari kabla hajafunga mlango. Langu lilikuwa pale pale kwenye mnyororo, na vinyweleo vyake. La Doto lilikuwa na kiraka.

Alimweleza mama kwamba pancha ilimkuta mbali, amekwishapita Kigonsera. Alifungua gurudumu akaliendesha kwa mikono kurudi Kigonsera, akilipitisha kwenye majani pembeni ili kashata zisiumie, fundi wa baiskeli akamzibia, akaliendesha tena mpaka kwenye gari. Kitanda cha watu kikalowa.

"Na spea?" mama aliuliza.

"Spea ipo."

"Najua ipo. Ndiyo maana nakuuliza."

Baba akaomba maji ya kuoga.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Niliumia sana, sitaficha. Mtu mzima alikuwa tayari kusukuma tairi la Doto kwenye tope kutwa nzima kuliko kuliacha langu lianze. Niliona wazi kwamba wenzangu wamepewa matairi na mimi nimepewa kunyamazishwa. Tangu siku ile sikuingia tena chini ya gari.

Kwa wanaotaka kujua matairi ya kiwandani yanadumu muda gani kwenye pikapu, nitawajibu kwa ya kwetu. La Fidelis liliisha mwaka wa saba. Wakati huo alikuwa ananunua tumbaku Namtumbo, ana mke na masharubu. Baba alimwita, akamkabidhi tairi lake likiwa kipara, na Fidelis akalipokea kwa mikono miwili, akalipandisha juu ya basi, kwa sababu angefanyaje. La Yustina lilifuata, akapandia vitunguu. Ya pacha yaliisha pamoja mwaka wa kumi na moja, wakachongewa viatu vya katambuga, wakavivaa wiki moja kwa heshima. Baba alizunguka Majengo yote akisema "kumi na moja." Hakusema kumi na moja nini, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mahali pa kila lililoisha alifunga jingine, la dukani, na yote yalipokuwa ya dukani akayaendesha kama watu wote. Hayakuandikwa jina. Mimi nilikuwa kidato cha nne, na msichana wa kidato cha nne haulizi habari za tairi la kusukuma. Nilipita pembeni ya ile pikapu na vitabu vyangu kifuani.

Sasa nafundisha Makambako. Mama ametangulia, na baba amehamia Mshangano, shambani, pikapu imekaa juu ya matofali. Mwezi uliopita alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Mama, wa chuma chakavu wanakuja Jumatatu kuchukua gari. Njoo uchukue kitu chako."

Nilipofika aliangalia kwanza matairi ya gari langu. Aliinama na fimbo yake, akapitisha kidole gumba kwenye kashata.

"Haya yana muda gani?"

"Mwaka na nusu, baba."

Akavua kofia kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Unapiga breki wewe," alisema.

Akanipa spana, maana mgongo wake haukubali tena. Nikalala chali chini ya pikapu na gauni langu la kazini. SKOLA. Rangi imegeuka manjano, lakini inasomeka. Tairi lilipodondoka kifuani nikamuuliza nikiwa hukohuko chini, kwa sababu ana kwa ana nisingeweza.

"Baba, kwa nini hukulifunga hata siku moja?"

"Ningelifungaje, na lina jina lako?"

"Ya wenzangu pia yalikuwa na majina."

"Ya wenzako yalishatembea kutoka Dar. La kwako tu ndilo lilikuwa jipya. Nilisema watoto wanne nitawapa vipara, angalau huyu wa mwisho apate tairi zima. Yalipoisha ya wenzako nikakusubiri uje uombe." Alikohoa kidogo. "Ulikuwa unapita na vitabu."

Nikapangusa vumbi jina langu kwa kiganja. Baadaye akaongeza, "Halafu ule msumari ulikuwa wa vitanda. Songea nzima alikuwa nao mtu mmoja."

"Mbona hukunichapa?"

"Ulikuwa umeshalia."

Nimefikiria mengi tangu siku ile. Siku hizi tairi tunalinunua tukijua litakufa, na simu, na viatu, na hatuoni ubaya. Watoto wetu wana vitu vingi kuliko tulivyokuwa navyo mtaa mzima, lakini sijaandika jina la mwanangu kwenye kitu chochote nikamtunzia miaka arobaini. Sidhani kama ningeweza. Huwa nakanyaga tu breki.

Nililitoa tairi nikalisimamisha. Mpira umekauka na kupasuka pembeni, ila vile vinyweleo bado vilikuwepo, kama siku ya kwanza. Baba akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa. Nikavua viatu. Majirani wa Mshangano walikuwa wanatoka kanisani, na baadhi yao watoto wao niliwafundisha kabla sijahamia Makambako. Nikaweka viganja viwili juu ya tairi langu nikaanza kulisukuma kuelekea barabarani, polepole, halafu mbio.

Nikamsikia nyuma yangu, kwa sauti ileile ya zamani:

"Mama, usilipitishe kwenye kokoto."