Mihogo ya Bi Mwanahawa

Bi Mwanahawa wa Vihingo ameng'oa mihogo yake yote kwa neno langu, na shamba lake halikuwa na kasoro yoyote.

Mimi ni msaidizi wa Mzungu anayepima katika udongo miale ya sumu isiyoonekana kwa macho. Mashine yetu hulia taratibu. Miale ikizidi, hulia kwa kasi. Wiki iliyopita bwana alibaki Kisarawe, akanituma peke yangu. Kwa kujiona mkubwa, nikavaa saa yangu mpya, ile ambayo namba zake hung'aa gizani.

Nilipoinamisha bomba la kupimia shambani, mashine ililia kama mvua juu ya bati. Kila tuta ikawa vilevile.

"Shikamoo, bibi. Udongo huu una sumu. Ng'oa mihogo, usiile."

"Marahaba. Sumu gani, nami nala hapa tangu nilipoolewa?"

"Haionekani kwa macho."

"Ila wewe unaiona."

"Naisikia, bibi."

Jana bwana alikuja kuhakikisha. Aliposhika bomba yeye, mashine ilitulia. Akanirudishia, ikapiga kelele. Akautazama mkono wangu.

"Vua saa."

Nikaivua. Akaisogeza kwenye bomba, kelele zikarudi, na majirani wote wanatazama. "Rangi ya namba hizi ndiyo inayotoa miale," akasema.

Bi Mwanahawa alikuwa ameketi kando ya mihogo michanga iliyonyauka.

"Kumbe sumu unatembea nayo mwenyewe, mwanangu," akasema. "Sasa wajukuu zangu watakula nini mpaka masika?"

Bwana alikwenda kwenye gari. Mimi nilibaki, nikaanza kumkatia vijiti vya mihogo vya kupanda upya.