Simu Mpya na Bip ya Mdogo Wangu

Simu yangu ya kwanza iliniponyoka nikiwa nimeinama kwenye cherehani, pale kibarazani petu Kamembe, Rwanda. Iliteleza kwenye mapaja, ikaanguka juu ya saruji, kioo kikawa cheusi tii. Nikaipigapiga, nikaianika juani, nikaitukana. Wapi! Ilikuwa simu nzito yenye antena fupi, nayo niliijua kwa kidole gumba bila hata kuitazama. Majina ya watu wangu wote yalikuwa ndani ya tumbo lake.

Jioni mume wangu akarudi na simu ya chapa nyingine kabisa, nyembamba, haina antena.

“Kamata, Mama batoto,” akasema. “Hii njo ya kisasa.”

Tukatia chip yangu ndani, simu ikaamka na namba yangu ileile, lakini jina hata moja hakuna. Na vitufe vyote vilikuwa vimehama makwao! Kwenye simu yangu ya zamani, cha kukata kilikaa kushoto. Kwenye hii mpya, kushoto ndiko kulikokuwa na cha kijani, cha kupokea. Ni nani huyo aliyeamua hivyo, na alimuuliza nani? Nilinuna waziwazi, mume wangu akajifanya anatafuta kandambili zake.

“Kipya kinyemi, ingawa kidonda,” akasema mama yangu kutoka mkekani, akicheka. Alinizaa, anazijua hasira zangu.

Ningeweza kununa wiki nzima, lakini wiki ile haikuwa ya kununa. Mdogo wangu alikuwa ameolewa Bukavu, hapo ng'ambo ya mpaka tu, na mimba yake ilikuwa imetimia. Kule kulikuwa na vita. Milio ya risasi ilitufikia hata sisi tukiwa tunakula, na mpaka ulikuwa umefungwa. Mimba yake ya kwanza iliharibika, yeye mwenyewe akaponea chupuchupu, na siku hizo mama alikuwa amekaa kando yake. Safari hii mama alikuwa huku kwetu, kifurushi cha vitenge vya mtoto pembeni yake, macho kwenye vilima vya ng'ambo. Mimi niliogopa mpaka mishono ikawa inakwenda upande.

Mdogo wangu alikuwa na chip ya Rwanda, kwa sababu kwenye dirisha la chumba chake mtandao wetu ulikuwa unafika. Umeme kwao ulikuwa umekatika, kwa hiyo simu aliizima ili chaji isimwishie. Sisi hatukuweza kumpigia. Lakini tulikuwa tumepatana zamani: bip moja, yaani simu ilie kidogo bila kupokelewa, mambo ni magumu, tumwombee. Bip mbili zikifuatana, amejifungua, yeye na mtoto ni wazima.

Na kubip kwetu kulikuwa na adabu yake. Simu ikilia, unaikata palepale, na aliyebip anajua kwamba umeiona. Kuipokea ni kumlia mtu unite zake, salio alilolibania kwa shida, na kwa kosa hilo anaweza kukununia mpaka Idi. Nilikuwa nakata bip kwa kasi, Kamembe nzima hakuna aliyenishinda.

Basi simu mpya ikaanza vituko. Ikilia, mama anaruka mkekani, mimi napapasa vitufe, na kabla sijajua pa kubonyeza imeshanyamaza yenyewe. Inabaki namba tupu isiyo na jina.

“Ni yeye?”

“Sijui, Mama.”

Napiga, kumbe ni mteja anataka gauni lake. Mara nyingine ilikuwa wifi yangu wa Gikundamvura, anasalimia tu. Anasalimia! Nikamwambia nitamsalimia siku nyingine, na kwa fimbo.

Ijumaa, wanaume wakiwa wameenda msikitini, ikalia tena. Sikufikiri. Kidole gumba kikaruka kushoto kwa mazoea yake, kukata.

Kikapokea.

“Aloo?” Sauti ya mdogo wangu, anayeniita Yaya, dada mkubwa. “Aloo? Yaya? Unapokea bip? Weye ni muntu wa namna gani? Unakula unite zangu! Na ile ya pili nitabip na nini sasa? Mujinga weye, kichwa kama kinu…”

Ikakatika. Unite zilikuwa zimeisha.

Nikapiga namba ile, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikaketi chini na simu yangu ya kisasa mkononi, nikaanza kulia kwa sauti.

“Nimeharibu, Mama! Nimepokea! Amebaki bila unite, hatutajua kitu!”

Mama akanishika mkono. “Amesema nini?”

“Amenitukana tu.”

“Namna gani? Sema yote.”

Nikasema yote, na kamasi zangu.

“Alikuwa anatukana kwa sauti ya mugonjwa?”

“Hapana. Kwa sauti ya sokoni.”

“Akasema ile ya pili?”

“Akasema, na ile ya pili nitabip na…”

Tukatazamana. Mama alikuwa tayari anasimama, kitenge kinamdondoka kiunoni, mikono juu.

“Alikuwa na ya pili! Mujinga weye, alikuwa anatuma mbili! Amezaa!”

Akapiga vigelegele, nami nikavidaka, machozi bado yananitoka puani. Majirani wakatoka mbio, mmoja na mwiko mkononi wenye ugali. Mungu ni mkubwa! Wanaume waliporudi kutoka msikitini walitukuta tunacheza uani, cherehani imepigwa kikumbo iko kando, na mume wangu akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Aka! Hilo hatukujua hadi mpaka ulipofunguliwa, na wala siku ile halikutushughulisha.

Kila aliyeingia kutoa hongera alitaka kusikia habari imefikaje. Mama hakuniacha nieleze kwa maneno yangu. Alinisimamisha katikati ya ua, mimi mwanamke mzima, fundi wa watu, nitukanwe upya kwa mdomo wangu mwenyewe, neno kwa neno, na kwa sauti ileile. Nilipofika kwenye “kichwa kama kinu”, mama akajifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani, mabega yakimtikisika, akalia. Kisha akafuta macho, akasema, “Rudia. Lakini sema kwa nguvu, kama yeye.”