Pai ya Juni Mosi

Mwaka ule Verlene Stubbs aliacha upishi katika nyumba ya wazee mjini Duluth, Marekani, akakaa bila bima ya afya mpaka Septemba mosi, alipoanza kupika shuleni. Februari iliyofuata, theluji ikiwa imefika madirishani, aliketi maktabani mbele ya Orrin, mwalimu mstaafu aliyewajazia watu fomu za kodi bure.

Kwa sheria ya kodi ya wakati huo, pengo la miezi miwili bila bima lilisamehewa. La mitatu lilikuwa na faini, na faini ingemeza marejesho ya kodi aliyokwisha kuyapangia tiketi ya kwenda kumwona mjukuu mchanga.

"Juni, Julai, Agosti," Orrin alihesabu. "Mitatu, mama. Pole."

"Hesabu tena. Wewe ulifundisha muziki."

"Haya, kazi uliiacha lini hasa?"

"Nilipanga Mei thelathini na moja. Lakini kesho yake Mzee Halvorsen, mmoja wa wazee wa pale, alitimiza miaka tisini, akataka pai yangu ya stroberi. Nikarudi kumwokea."

"Ulisaini zamu?"

"Nilisaini. Mimi siokei mtu bure, hata wewe."

Orrin alivua miwani. "Basi bima yako iliishia Juni mosi, siku yako ya mwisho kazini. Na siku moja yenye bima huhesabiwa mwezi mzima. Umebaki na miwili."

Verlene akacheka. "Na yule mzee alisema pai ilikuwa ngumu. Niliondoka nimemnunia."

Jioni alinunua stroberi za barafu na siagi, akaukanda unga taratibu, kwa mkono mwepesi, ili safari hii mzee asipate la kusema.