Masaa Matatu Yaliyogeuka Manne

Nilikuwa natengeneza redio na televisheni katika kichumba changu mtaani Nyakabiga. Mama mmoja wa mtaa wa Kamenge, muuguzi mstaafu, akaja kuniomba nimtengenezee kuvezi, sanduku la umeme la kutotolea mayai. Alitaka mayai yajigeuze kila baada ya masaa matatu. Sikuwa nimewahi kutengeneza kitu kama hicho, lakini nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Nilinunua chipu ya kuongoza sanduku pamoja na kristali, kile kibati kidogo kinachoipa chipu mapigo ya kuhesabia muda. Kristali niliiokota kwenye kopo la vipuri vilivyochanganyika, katika duka moja la mtaa wa Asiatique. Programu niliandika mwenyewe. Nilipounganisha na kompyuta, herufi zilitokea zimevurugika, hazisomeki. Nikalaumu waya. Taa ya majaribio iliwaka na kuzimika vizuri tu, nikampelekea sanduku lake.

Siku ya nne akanipigia simu: mayai yanachelewa kugeuka. Nilimjibu kwa adabu, ingawa moyoni niliudhika. Nikamweleza kwamba mashine haisahau, pengine yeye ndiye aliyepitiwa. Hakubishana. Aliniomba niende tu.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya sanduku, kifuani amebandika saa ile aliyopimia mapigo ya wagonjwa miaka yake yote ya kazi. Mapajani alikuwa na daftari. Alikuwa ameandika kila mgeuko, saa na dakika yake. Kati ya mmoja na mwingine yalipita masaa manne, kila mara.

"Mi sijui mashini, mutoto wangu," akasema. "Lakini mapigo najua kuhesabu. Hii yako inapiga polepole, lakini inapiga sawasawa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Waya mbovu ungekosea ovyoovyo, leo hivi, kesho vile; kuchelewa kwa kiasi kilekile kulitoka kwenye mapigo yenyewe. Nilifungua kifuniko, nikaazima miwani yake, nikasoma maandishi madogo juu ya kristali. Kumi na mbili, yaani mapigo milioni kumi na mbili kwa sekunde. Programu yangu ilitegemea kumi na sita. Chipu ilikuwa inapata mapigo matatu mahali pa manne, ndiyo maana masaa yangu matatu yalikuwa manne kwake. Zile herufi zilizovurugika, ambazo nazo hutumwa kwa mapigo hayohayo, zilikuwa zimeniambia jambo hilohilo mezani kwangu, nami sikusikiliza.

Nilimwomba msamaha, kisha nikauliza kuhusu mayai, nikiogopa jibu.

Akaniambia yako salama. Tangu siku ya pili alikuwa anayageuza kwa mkono, kila masaa matatu, hata alfajiri.

"Na majirani umewaambia?" nikauliza.

"Apana. We ndiwe fundi. Nilitaka uone wewe kwanza."

Nilirekebisha ile namba kwenye programu, na safari hii herufi zikatokea safi kwenye kompyuta niliyokuja nayo. Hakuniruhusu niondoke bila kupima. Tulikaa tukinywa chai na kuzungumza habari za watoto aliowapokea wodini, hadi saa yake ilipotimiza masaa matatu, na trei ya mayai ikainama taratibu upande wa pili.

Vifaranga walipototolewa alinipigia simu, akaisogeza sandukuni ili niwasikie. Wateja wangu wawili waliofuata wa kuvezi yeye ndiye aliyewaleta. Habari ya kristali hakuwahi kuwagusia. Niliwasimulia mimi mwenyewe, nikawaambia ni nani aliyegundua kosa.