Ndizi za Msibani

Tangu daktari amwambie mama yangu kwamba saratani imesambaa, alikuwa hasemi na mtu. Juzi nikampeleka kwenye kikundi cha wagonjwa wenzake. Muuguzi akauliza kila mmoja anaogopa nini.

Mzee mmoja wa Kaagya akasimama, mikono kiunoni. "Naogopa ndizi za msibani kwangu. Atapika shemeji yangu, na yule huziunguza."

Mama akainua kichwa. "Tata, mzee wangu, si wewe utakayezila!"

"Ndiyo maana nawahurumia ninyi."

Kikundi kizima kikaangua kicheko, hata muuguzi. Leso niliyobeba kwa ajili ya machozi nikaiuma nisipige kelele.

Tulipofika nyumbani Hamugembe, mama akasema, "Wiki ijayo tuwahi. Yule mzee asije akafa kabla sijamjibu."